Siku tisa na mjomba kwenye kuta za zamani, Iringa mpaka Matema

Siku ya kwanza, Ijumaa

Tumetoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi mi na mjomba wangu, baridi ya Julai pale Uyole inakata masikio, mjomba kavaa koti lake la kazini lenye madoa ya chokaa ambalo mama kila mwaka anamwambia alitupe. Mjomba ni mwashi. Kajenga zaidi ya miaka arobaini, nyumba za watu, madarasa, makaravati ya vijijini, sasa kapumzika ila mikono yenyewe haijakubali. Kwenye begi kaweka mwiko. Nikamuuliza mjomba, mwiko wa nini safarini, akasema mwanangu, we umebeba simu, mi nimebeba huu.

Niseme kwanza kwa nini tumesafiri. Mwaka jana kijijini kwetu walibomoa darasa la zamani alilosomea babu, la matofali ya kuchoma na madirisha ya upinde juu, nilipopigiwa simu kifusi kilishapakiwa kwenye tipa. Nikatafuta picha yake ukoo mzima, kwa shangazi, kwa mama mkubwa, kwenye maalbamu yote. Iko moja tu, ya harusi ya shangazi, nyuma ya keki unaona kona ya dirisha. Kona tu, upinde nusu na tofali kama tisa. Nilikaa na ile kona wiki nzima naiangalia, alafu nikamwambia mjomba twende tukaone vilivyobaki kabla havijawa kona ya picha ya mtu.

Iringa tumefika mchana. Tukapita Boma, lile jengo la enzi za Wajerumani katikati ya mji ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Mjomba hakusoma vibao vya ndani sana, alikuwa anaangalia kuta, anapitisha kiganja kwenye kona za madirisha taratibu kama anapima joto la mtoto. Akasema hili limepata bahati, limepewa kazi, jengo likiwa na kazi watu wanaziba bati likivuja. Hiyo nimeiandika. Tumelala gesti, blanketi mbili kila mtu.

Siku ya pili, Jumamosi. Isimila

Isimila ipo kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya kurudi Mbeya, unashuka unaingia ndani kidogo kwa bodaboda. Nimepita pale kwa basi labda mara thelathini maishani mwangu na sijawahi kushuka, na nina uhakika wengi wenu mnaosoma hapa ni hivo hivo, mnapita mnaenda Dar mnasinzia na pembeni yenu kuna mawe yaliyochongwa na watu zaidi ya miaka 200,000 iliyopita.

Dada aliyetuongoza alitupeleka kwanza kwenye banda ambako zana zimeachwa pale pale zilipokutwa, zimelala chini kwa mamia, alafu akampa mjomba moja ashike. Shoka la mkono. Halina mpini, ni jiwe limechongwa pande zote mbili mpaka linakuwa kama tone la maji, chini limejaa kiganjani, juu lina ncha. Mjomba alikaa kimya muda mrefu analigeuza. Akaweka kidole gumba kwenye kishimo kimoja kilichobanduliwa pembeni, akaweka cha pili kwenye kingine, akasema huyu alikuwa fundi, unaona hapa, kapiga hapa ili apate nafasi ya kupiga hapa, hakubahatisha. Yani mtu wa zama hizo na mtu wa Tukuyu wameelewana kupitia jiwe. Mi machozi yalinilenga na wala sioni aibu kuandika.

Mashoka yenyewe yalijulikana 1951, mwanafunzi mmoja alikuwa anapita akayaokota korongoni, na uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walikuta pia mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani, macho yake yalikaa juu kabisa ya kichwa yakichomoza. Pale palikuwa na maji, watu na wanyama wote walikuwa wanafuata maji.

Na maji hayo hayo ndo shida ya leo. Tulishuka kwenye zile nguzo, wengi mnazijua kwenye picha, minara ya mchanga na udongo imesimama mirefu kuliko nyumba ya ghorofa, kila mmoja juu kabisa una kofia ya tabaka gumu. Dada akaeleza vizuri sana, kwamba mvua ndo iliyolichonga korongo, mvua ndo iliyozitoa zana ardhini tukaziona, bila mmomonyoko hakuna Isimila, lakini mmomonyoko haukusimama siku ile tulipofurahi tukasema tumegundua. Kila masika unaendelea kula. Mjomba akaangalia juu akasema kofia ikidondoka, nguzo nayo imekwisha, si ndiyo? Dada akasema ndiyo baba.

Sasa hapo unafanyaje? Ukiweka zege umeua kile ulichotaka kulinda. Kinachowezekana ni kazi za pole pole, kugeuza njia ya maji ya juu yasimwagike korongoni kwa nguvu, kuacha majani na miti ishike udongo wa ukingoni, ng'ombe wasikatize, wageni wapite kwenye njia moja. Na hii shida siyo yetu peke yetu. Kule Peru kuna mji mzima wa udongo unaitwa Chan Chan, uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1986, ilipoingia kwenye urithi wa dunia iliingia na kwenye hatari mwaka huo huo, na mpaka sasa wanapambana na mvua. Nilipomwambia mjomba akasema basi wanajua wanachokisema hao.

Kitu kimoja niwaombe, msiokote. Jiwe moja mfukoni unaona ni dogo. Jiwe likitoka pale lilipolala linabaki jiwe tu, habari yake ilikuwa kwenye kulala kwake pale karibu na lingine.

Siku ya tatu, Jumapili. Kalenga

Kamwene! Huku salamu ndo hiyo na mjomba kashaizoea, anamsalimia kila mtu mpaka watoto.

Kalenga haiko mbali na mji, ndo yalikuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, palikuwa na ngome ya ukuta wa mawe ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga wakaiteka Oktoba 1894. Miaka mitatu kabla, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walikuwa wamekivunja kikosi cha Kijerumani cha Zelewski pale Lugalo na Zelewski mwenyewe akafia pale. Mkwawa akaendelea kupigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojiua asikamatwe. Kichwa kikapelekwa Ujerumani.

Fuvu lipo pale kwenye makumbusho, ndani ya kioo. Nilidhani nitapiga picha, sikupiga. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita kuu ya kwanza, kifungu cha 246 kinasema kabisa fuvu la Mkwawa lirudishwe, yani kati ya mambo ya mipaka na madeni ya mataifa makubwa kuna mstari wa Kalenga. Walipewa miezi sita. Lilirudi Juni 1954, gavana wa Tanganyika, Twining, alilifuata mpaka Bremen, Ujerumani. Kutoka 1898 mpaka 1954 ni miaka 56 familia inasubiri kichwa cha babu yao.

Watu wakisema kulinda urithi wanawaza majengo. Pale nilielewa na kilichobebwa nacho ni sehemu ya ukuta. Ukuta ulibomolewa, kichwa kikachukuliwa, na waliobaki wakawa wanasimulia tu, na kusimulia ndo kulikoshikilia mpaka vingine vikaanza kurudi.

Mjomba alitafuta mabaki ya ngome. Yapo, kidogo. Alipiga goti akaangalia mota kati ya mawe akasema udongo mtupu, tena umekandwa vizuri.

Siku ya nne, Jumatatu

Asubuhi tulipanda Igeleke, nje kidogo ya mji, kwenye mwamba wenye michoro ya rangi nyekundu, watu na wanyama. Imefifia sehemu nyingine lakini ukitulia jicho linazoea, inaanza kutoka mmoja mmoja kama nyota jioni. Mwongozaji akasema adui mmoja ni wageni wanaomwagia maji ili mchoro ung'ae kwenye picha. Maji yanayeyusha na yanaleta chumvi ya jiwe juu, rangi inabanduka. Sikujua. Kumbe mtu anaharibu huku anapenda.

Mchana tulifika kwenye pango lingine ambalo sitataja liko wapi, na nikieleza mtaelewa kwa nini sitaji. Mzee wa pale alitupeleka mwenyewe. Chini ya mwamba, mahali ambapo watu walikaa vizazi na vizazi, kuna mashimo matatu, moja linanifika kifuani. Wamechimba watu wa mali ya Mjerumani. Hii imani mnaijua, kwamba Wajerumani walipokimbia kwenye vita ya 1914 mpaka 1918 walizika dhahabu na rupia, pesa za enzi zao, wakaweka alama kwenye miamba, basi popote penye mchoro mwekundu au jiwe lenye umbo, mtu anakuja usiku na sururu. Mchoro uliochorwa kabla Mjerumani hajajua hata kama Iringa ipo, unasomwa kama ramani ya hazina yake.

Mzee akasema walikuja na mganga na mashine inayolia, wakachimba siku nne usiku. Wakapata nini? Vigae vya chungu. Wakavitupa pale.

Mjomba aliingia kwenye shimo. Ukuta wa shimo ulikuwa unaonyesha mistari, jivu jeusi, udongo mwekundu, jivu tena, mchanga. Akanishika mkono akaniwekea kidole kwenye mstari wa jivu, akasema hii ni kama makoti ya lipu, la kwanza, la pili, la tatu, ukibandua kwa utaratibu unajua nani alipaka lini, ukipiga sururu umechanganya kila kitu na hakuna fundi wa kurudisha. Sijawahi kusikia profesa akielezea kwa ufupi hivo.

Sijaona mtu hata mmoja aliyetajirika kwa hizo rupia. Nimeona mashimo. Na siwezi kuwachukia kabisa wale vijana kwa sababu wengi hawana kazi na mtu kaja na gari kawaahidi pesa, ila mzee akasema jambo limenikaa, kwamba mbuzi akiingia shambani kwake majirani wote wanapiga kelele, lakini watu wanachimba pangoni kwa mababu siku nne na hakuna aliyepiga kelele. Tulisaidiana naye kurudisha udongo kwenye shimo moja ili mvua isipanue, alikuwa ameshawaambia wa serikali ya kijiji na wao ndo waliosema lifukiwe. Vile vigae mjomba akavikusanya akavipanga chini ya ukingo wa jiwe pasipofika maji.

Siku ya tano, Jumanne. Basini

Kurudi Mbeya. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, mnaijua, basi linajaa harufu ya ndizi za kuchoma na mahindi. Mjomba akaniuliza, hivi huko kwa wenzetu wanafanyaje, nikamwambia mjomba nikuanzie wapi, akasema anzia kwa mafundi.

Nikamwambia Djenné, Mali, kuna msikiti mkubwa wa udongo, huu uliopo sasa ulijengwa 1907, na kila mwaka mji mzima unatoka siku moja kuupaka udongo upya, vijana wanabeba tope wanakimbia nalo, wasichana wanaleta maji, waashi wako juu kwenye vijiti vilivyochomoza ukutani ambavyo vimewekwa makusudi viwe ngazi. Udongo ni dhaifu, mvua inaosha, wao wanajua inaosha, kwa hiyo ukarabati wameufanya sikukuu. Mjomba alifurahi mpaka jirani wa siti ya mbele akageuka. Akasema rudia hapo pa vijiti.

Nikamwambia Timbuktu, nchi hiyo hiyo ya Mali, 2012 wapiganaji walibomoa makaburi 14 ya watakatifu, ya udongo na mawe, watu waliyoyazuru karne na karne. Yakajengwa upya na waashi wa pale pale mjini, kazi ikaisha 2015, wale waashi ndo walikuwa wanajua mchanganyiko na umbo kwa sababu baba zao walikuwa wanayatunza. Na mmoja wa waliohusika na ubomoaji, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, ilimhukumu miaka tisa mwaka 2016, kwa kosa la kubomoa tu. Mjomba akauliza, kwa kubomoa tu? Nikamwambia ndiyo, kwa kubomoa. Akatikisa kichwa, akaangalia nje mpaka Igawa.

Hapo nilikuwa nawaza darasa la babu na lile tipa.

Nikaendelea na Kasubi, makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, pale Kampala, nyumba kubwa ya nyasi iliyoungua tarehe 16 Machi 2010, UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya hatari mwaka huo huo, ikatoka 2023. Miaka 13, kwa sababu kuezeka kule kuna ukoo wake wenye kazi hiyo na taratibu zake, huwezi kuita kampuni tu. Nikamwambia na Bamiyan, Afghanistani, sanamu mbili za Buddha, moja mita 55, nyingine 38, zililipuliwa Machi 2001, na pale mpaka leo ni matundu tu mlimani. Alafu Kilwa ya kwetu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, iliingia kwenye hatari 2004 ikatoka 2014, kuta za matumbawe na chokaa bahari ilikuwa inazila kwa chini, wakajenga kinga na kurudisha mikoko ishike ufukwe.

Chokaa, mjomba akasema. Unaona? Chokaa. Akaishika hiyo mpaka Uyole.

Siku ya sita, Jumatano. Mbozi

Kimondo kipo Ndolezi, Mbozi, unaingilia barabara ya Tunduma kabla ya Vwawa. Kama tani 12 za chuma kutoka angani, kirefu kama mita 3, kinang'aa pale mikono ya watu ilipopita. Kilianza kuandikwa 1930 na kikawa chini ya ulinzi wa sheria tangu 1967, ila wenyeji walikuwa wanakifahamu siku zote na walikiogopa, na nadhani hofu ile ndo ulinzi wa kwanza kilioupata. Kwenye ncha moja kuna mahali pamekatwa kwa msumeno. Niliweka kidole pale. Siku hizi kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na pametengenezwa vizuri, nendeni na watoto.

Lakini siku yetu ilikuwa Songwe, tunaporudi. Pale Songwe wanachoma chokaa, tanuri za kienyeji na viroba, na mjomba alimwambia dereva simama. Alikaa na vijana wa tanuri saa nzima. Jiwe linachomwa mpaka linakuwa jepesi, ukilimwagia maji linachemka lenyewe, linapasuka, linakuwa unga, hiyo ndo kuzima chokaa, na mafundi wa zamani walikuwa wanaiacha kwenye shimo na maji wiki nyingi mpaka inakuwa kama siagi. Alinunua kiroba kimoja. Kuni zinazokwenda pale ni nyingi, hilo nalo linaniuma, miti ya kuokoa ukuta inatoka mlimani.

Siku ya saba, Alhamisi. Rungwe

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe 1891 na pande hizi zote kuna makanisa na nyumba za matofali za miaka hiyo na iliyofuata. Tulikwenda kwenye kanisa moja dogo, sitalitaja, wazee wake ni watu wema na walichofanya walifanya kwa upendo.

Ndani kuna unyevu, unausikia puani kabla ya macho. Kuta zilipigwa lipu ya saruji nje na ndani zamani kidogo, washarika walichanga, wakapaka na rangi ya mafuta chini rangi ya kahawia, ikapendeza. Sasa rangi inavimba kama malengelenge. Mjomba akageuza mwiko, akaanza kugonga ukuta kwa mpini wake, ko, ko, ko, alafu ikaanza pu, pu. Hapa imeachia, akasema. Akaomba ruhusa, mzee wa kanisa akasema bandua baba tuone. Akaingiza ncha ya mwiko, akainua, kipande kama sinia kikatoka kizima kizima, na nyuma yake tofali lilikuwa linamwagika. Unga. Unga mwekundu ulioloa, ukauchota kwa kidole kama sembe iliyonyeshewa. Tofali la zaidi ya miaka mia, lililovumilia mvua za Tukuyu zinazopita milimita 2000 kwa mwaka.

Akawaeleza wazee wamesimama nusu duara. Ukuta wa zamani hauna plastiki kwenye msingi, maji yanapanda kutoka chini siku zote, na yalikuwa yanatokea kwenye maungio ya udongo na chokaa, jua likitoka yanaondoka, ukuta unapumua. Saruji inaziba. Maji hayaachi kupanda kwa sababu umeziba, yanabaki ndani yanatafuta pa kutokea, yanakula tofali. Chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hiyo ikibidi kitu kife kinakufa chokaa, unapaka tena. Saruji ni ngumu kuliko tofali, basi linakufa tofali. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa hiyo tulilivalisha koti la mvua kwa ndani. Ndiyo mama, ndo hivo hivo.

Hakuna aliyelaumiwa. Ila mi nilikuwa na hasira na jambo moja nikalisema pale, sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Wajerumani wote, wamisionari wote wa huku, shule za babu zetu, vyote vimekuja baada ya hapo. Mpaka waziri atangaze jengo hilo kwa jina. Kwa hiyo maelfu ya kuta huku nyanda za juu hazina mlinzi mwingine zaidi ya hao wazee nusu duara na mchango wao, na hakuna aliyewahi kuja kuwaambia kwamba saruji inaua. Mwaka jana kwetu hakuna aliyevunja sheria. Lile darasa halikuwa kitu kwenye karatasi yoyote.

Tulikunywa chai, ndizi, parachichi. Ndaga fijo, ndo asante sana ya huku.

Siku ya nane, Ijumaa

Masoko, ziwa la kreta chini ya miti, na majengo ya kambi ya Wajerumani pembeni ambayo baadaye yalitumika kama mahakama. Hapo pia hadithi za rupia ziwani. Hatukukaa, tukashuka na gari la Ipinda mpaka Matema, joto likaanza, mjomba akavua koti kwa mara ya kwanza wiki hii. Jioni ugali na mbasa, samaki wa ziwa Nyasa, milima ya Livingstone nyuma yetu imekuwa bluu.

Siku ya tisa, Jumamosi. Ikombe na Lyulilo

Asubuhi mtumbwi mpaka Ikombe kwa wanawake wa Kikisi wafinyanzi. Hakuna mashine, hakuna gurudumu, udongo na mikono. Bibi mmoja alikuwa amekaa na chungu mapajani, kidole cha kati ndani, gumba nje, anapandisha ukuta wa chungu taratibu na haangalii, anaongea na sisi. Mjomba akachuchumaa mbele yake. Wakaanza kuulizana kama mafundi, udongo mnatoa wapi, mnachanganya na nini, ukipasuka motoni unajuaje kosa lilikuwa wapi. Bibi akasema nausikia wakati wa kukanda. Mjomba akaitikia kwa kichwa sana.

Nikamuuliza bibi nani anajifunza. Akanyoosha kidevu kwa binti wa kama miaka kumi na miwili anayesugua chungu kibichi kwa jiwe laini, linalong'aa kama limepakwa mafuta. Jiwe nilipewa nikalishika, nikakumbuka lile la Isimila. Binti akasema ni la bibi yake bibi.

Mchana vyungu vilikuwa Lyulilo sokoni, vimepangwa mchangani vyekundu na vyeupe, wanunuzi wengi wanauliza vya plastiki viko wapi. Nimenunua viwili, kimoja cha mboga, kimoja cha maji.

Jioni simu ya mjomba ikalia, ni mzee wa kanisa. Wamekaa kikao. Wanasema waanze na ukuta mmoja tu, wa nyuma, upande wa mashariki ambao hauonekani barabarani, wabandue saruji, tofali zikauke mpaka mwezi wa tisa, alafu wapige chokaa. Wanaomba mjomba aje awafundishe vijana sita. Mjomba akauliza, na wasichana je? Mzee akasema waje tu. Kiroba cha Songwe kiko kwangu, na leo ninapoandika tumesharudi nyumbani, tumechimba shimo nyuma ya jiko la mama, tumezima chokaa ya kwanza, bado inachemka.